Walipolihifadhi Shamba Letu

Wiki iliyopita jirani yangu alimleta fundi apake rangi nguzo za uzio wake. Ilikuwa rangi nyeupe ya mafuta, ile inayokaa siku nzima hewani hata baada ya kukauka. Nilikuwa kibarazani nachambua njegere, upepo ukaileta harufu ile, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama, njegere zimemwagika. Mdogo wangu Zubeda, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na alikuwa amekuja kunijulia hali, aliniangalia akauliza, "Dada, una nini?" Nikamwambia rangi inaniumiza kichwa. Nilimdanganya. Kichwa changu kilikuwa kizima kabisa. Ni hasira tu, na nilishangaa kuikuta bado iko palepale nilipoiacha, haijapungua hata punje.

Wenzangu mliokua milimani huku mnajua utoto wetu ulivyonukia: moshi wa mikaratusi, mbolea ya ng'ombe, kabichi zilizooza pembeni mwa barabara zikisubiri gari. Wangu ulinukia hayo yote, halafu mwaka mmoja ukanukia rangi.

Tulikuwa na kipande cha shamba bondeni, mwendo mfupi chini ya nyumba yetu, upande ule wa Lushoto ambako ukungu hauondoki mpaka jua limepanda sana. Tate, ndivyo tulivyomwita baba kwa Kishambaa, alikirithi kwa baba yake. Sehemu ya juu ilikuwa ya matuta ya kabichi na maharage. Ya chini, karibu na kijito, ilikuwa ardhi ya majimaji yenye nyasi fupi ambazo mbuzi wetu walizitafuna mwaka mzima zikabaki kama zulia lililochakaa. Hapo ndipo alipoishi mhunzi.

Wenye vitabu wana jina lao la ndege huyo. Sisi tulimwita mhunzi kwa sababu akishtuka hulia kama nyundo ndogo inayogonga chuma: ti! ti! ti! Ana miguu mirefu myeusi, paji la uso jeupe, mabawa ya kijivu, na hutembea kwenye tope kwa kunyanyua miguu kama mtu asiyetaka kuchafua suruali. Hajengi kiota juu ya mti. Anakwangua udongo kidogo, anatupia vijiti viwili vitatu na mavi makavu ya mbuzi, kisha anataga mayai yenye rangi ya matope na madoa meusi. Unaweza kuyatazama na usiyaone. Mama aliyaona daima. Alikuwa analima, jembe liko juu, ghafla analishusha taratibu pembeni na kusema, "Mpisheni mwenzangu, yuko uzazini."

Basi tulilima kumzunguka. Tuliacha kipande kisicholimwa, kikubwa kiasi cha mkeka wa kukalia watu wawili, na jina lake lilikuwa hilohilo, mkeka. Wanawake wote wa bonde letu walijua. Mtu akipita na kuuliza, "Mbona umeruka hapo?" unajibu, "Mkeka," na yeye anapita mbali kidogo. Vifaranga wakishatoka na kuondoka na mama yao, ndipo unalima mkeka, mwisho kabisa. Hakuna aliyetukusanya kutufundisha jambo hilo. Na ndege alikuja kila msimu kwa sababu jembe na mbuzi vilimwekea ardhi anayoipenda, iliyo tupu, ambayo anaweza kumwona adui akija kwa mbali. Mama alinieleza hivyo nikiwa mdogo wa kubeba mbegu tu kwenye kibuyu.

Tate alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Mama alimfuata kabla mahindi ya msimu uliofuata hayajakomaa. Tulibaki na bibi, mama yake Tate, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mimi nilikuwa darasa la sita. Hamza alikuwa darasa la pili, Zubeda hajaanza shule. Nilikuwa mkubwa, na huku kwetu mkubwa haulizwi kama anaweza.

Wakati huohuo wahunzi walikuwa wanapungua bondeni. Watu walikuwa wamechimba mifereji kukausha majimaji, kabichi zikapandwa hadi ukingoni mwa kijito, pampu za maji zikanguruma kutwa, na kila baada ya siku chache mtu alipita na bomba la dawa mgongoni. Mahali ambapo zamani ungesikia nyundo kumi sasa ulisikia mbili. Bwana Rajabu aliliona hilo kabla ya wengine, siwezi kumnyima haki hiyo. Alikuwa mstaafu, aliyewahi kufanya kazi za ukarani kwenye misitu, mtu wa kofia ya kaki, buti za mpira na darubini shingoni. Alikusanya watu wakaunda kikundi cha kumlinda mhunzi, yeye akawa mwenyekiti. Alipita nyumba kwa nyumba akisema watoto wa watoto wetu watakuja kusimuliwa ndege huyu kama hadithi. Alisema kwa uchungu, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Ningefurahi kama ungekuwa wa uongo. Ningemchukia kwa raha zaidi.

Siku ya arobaini ya mama, baada ya dua, watu wakiwa bado wamekaa kwenye majamvi, Bwana Rajabu alisimama. Alitoa pole, akatutazama sisi watatu tuliokuwa tumebanana karibu na bibi, akasema, "Kuhusu lile shamba la marehemu kule bondeni, msiwe na wasiwasi. Sisi wa kikundi tutalihifadhi."

Watu wakaitikia, "Amina."

Nililia. Nililia kwa shukrani, na sijui kama kuna kitu kinachonikasirisha katika maisha yangu kuliko machozi yale. Neno kuhifadhi nililijua vizuri. Chuoni tulihifadhi sura za Kurani, maana yake unaiweka kifuani na ni yako hadi unakufa. Mama alihifadhi gauni langu la Idi kwenye sanduku la bati, likawa linanisubiri mimi. Bibi alihifadhi mbegu darini, na mbegu zile zilikuwa zetu. Katika nyumba yetu kitu kilichohifadhiwa kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwepo. Kwa hiyo nilielewa kwamba watu wazima wenye kofia na buti wameahidi, mbele ya Mungu na mbele ya kaburi la mama ambalo bado lilikuwa na udongo mbichi, kututunzia shamba mpaka tupate nguvu ya kulilima.

Vigingi vya mpaka nilivipaka rangi mimi mwenyewe. Kikundi kilikata miti ya mikaratusi, kikaleta kopo la rangi nyeupe na brashi mbili, na mimi na Hamza tulipaka uani kwetu kutwa nzima huku tukiimba. Rangi iliniingia nywelini, bibi akaninyoa kipara, nikacheka. Kisha nilivibeba hadi bondeni kwa kichwa changu hiki, vichache vichache, na kuonyesha mpaka wetu unapopita, kwa sababu ni mimi niliyeujua. "Hapa kwenye jiwe," nilisema. "Halafu pale kwenye magimbi." Waligongelea pale nilipoonyesha. Nilihakikisha hawaachi nje hata hatua moja ya ardhi ya Tate.

Ni wakati huo pia nilipoacha shule. Bwana Rajabu alisema mimi ndiye ninayejua viota, nikae navyo msimu mmoja, nizuie watoto na mbwa, shule haitakimbia. Sikuona ubaya. Kukaa na viota kulikuwa kukaa na shamba letu, na bibi alihitaji mtu wa kumshika mkono. Nilikaa juu ya jiwe na fimbo ndefu, najiona askari. Shule, kwa kweli, haikukimbia. Bado iko palepale. Sikurudi tu.

Masika yalipokaribia, bibi alishusha mbegu za maharage darini. Asubuhi moja nilichukua jembe la mama, Hamza akachukua la kwake dogo, Zubeda akabeba kibuyu cha mbegu, tukashuka. Bwana Rajabu alikuwa kwenye vigingi na wanaume wawili wa kikundi, wanafunga waya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jembe la nini?"

"La kulimia."

"Mnalima wapi leo?"

"Hapa. Kwetu."

Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa utani. "Hapa si pamehifadhiwa?"

"Ndiyo, baba, pamehifadhiwa. Ndiyo maana tumekuja."

Wale wawili waliangua kicheko. Mmoja alishikilia kigingi asianguke. "Mwenyekiti, huyu mtoto anadhani hifadhi ni kabati!"

"Kabati la mama yake," akadakia mwenzake. "Anakuja kuchukua gauni!"

Hawakujua jinsi walivyokaribia ukweli. Bwana Rajabu aliwakemea, akainama hadi uso wake ukawa sawa na wangu, akasema kwa upole ambao mpaka leo ningependa asingeutumia: "Hifadhi, mwanangu, maana yake haliingii jembe, haingii mbuzi, haingii mtu. Ni mahali pa ndege peke yao."

"Na sisi?"

"Ninyi mtapata thawabu. Marehemu pia."

"Lakini baba, mhunzi anapenda palipolimwa. Mama alisema nyasi zikirefuka—"

"Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa mkulima mzuri sana," alisema huku akisimama. "Ndege niachie mimi."

Zubeda alikuwa bado amekumbatia kibuyu. Aliniuliza, "Dada, nimwage wapi?" Nikamwambia turudi nyumbani. Tulipofika bibi alisikia majembe yakiegemezwa ukutani mapema mno, akaelewa kabla hatujafungua midomo.

Mwaka ule nililima mashamba ya watu. Nilipalilia, nikabeba mbolea, nikachimba mitaro, na jioni nilirudi na magimbi au kikapu cha viazi vilivyokatwa na jembe, kwa sababu vizima vilikuwa vya soko. Hamza aliendelea na shule, hilo nililishikilia kwa meno. Bibi alikwenda mara mbili kwa Bwana Rajabu, akipapasa njia kwa fimbo. Mara zote mbili alikaribishwa kiti kizuri, akapewa chai ya maziwa, akasikilizwa kwa heshima, akasindikizwa hadi mlangoni. Mara ya pili aliporudi alisema, "Yule mtu ana adabu mpaka inakera."

Na nyasi zikarefuka. Hapakuwa na mbuzi wa kuzitafuna wala jembe la kuzikata, kwa hiyo ndani ya vigingi vyangu vyeupe zilipanda hadi magotini, kisha kiunoni, na katikati yake yakaota magugu ambayo sikuwahi kuyaona bondeni kwetu. Wahunzi walikuja msimu ule, wakazunguka juu, ti, ti, ti, wakaondoka. Nilimwambia Bwana Rajabu wakati napita na mzigo wa majani. Alisema ndege wanahitaji utulivu na muda. Baadaye nilimwambia tena. Alisema nisiwe na moyo wa kinyongo dhidi ya viumbe wa Mungu. Mimi! Mimi niliyekaa juu ya jiwe na fimbo.

Msimu uliofuata jozi moja ilirudi na kubaki, ila siyo ndani. Kati ya vigingi na kijito kulikuwa na ukanda mwembamba wa njia, hapo ndipo nilipokuwa nafunga mbuzi wetu wawili kwa kukosa pengine. Ardhi ilikuwa imekanyagwa, tupu, imejaa mavi makavu. Asubuhi moja mhunzi aliinuka taratibu kutoka karibu na miguu ya mbuzi, akatembea hatua kadhaa akijifanya hana habari, ndipo akaanza kulia. Nilikwenda alipotoka. Mayai matatu. Nilifupisha kamba za mbuzi, nikawaonyesha Hamza na Zubeda ili wasikanyage, nikawaapisha wasiseme.

Siku chache baadaye Bwana Rajabu alikuja nyumbani kwetu. Alikaa kwenye kigoda, akaweka kofia gotini. Alikuwa amekonda kidogo. Alisema wageni wanakuja kutoka mjini kuona kazi ya kikundi, na wakiridhika watasaidia mabonde mengine yahifadhiwe hivihivi. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza tangu awe mwenyekiti. "Mwanangu, viota viko wapi?"

"Ng'oa vigingi, baba, nitakuonyesha."

"Mtoto hapatani bei na mkubwa."

"Hajakutajia bei," bibi alisema kutoka ndani. "Amekuambia kilichomfukuza ndege wako."

Alizungusha kofia, akasema tutaangalia baada ya wageni. Aliaga kwa adabu zake zote. Nilijua maana ya tutaangalia. Neno hilo halikunidanganya, nilikuwa nimeshakua.

Wageni walikuja asubuhi, ukungu ukiwa unaanza kupasuka. Walikuwa sita, wanaume wanne na wanawake wawili, wenye viatu vizuri na madaftari. Nilikuwa ng'ambo ya kijito nakata majani nilipowaona wakishuka nyuma ya Bwana Rajabu. Nilidhani wataingia ndani ya vigingi. Hawakuingia, nyasi zilikuwa zimelowa umande na ndefu mno. Walisimama nje ili waone kwa darubini. Walisimama kwenye njia ya mbuzi.

Mhunzi alipaa akipiga kelele. Mmoja wa wageni akaonyesha juu kwa furaha, "Yule pale! Yule pale!" Wakanyanyua nyuso zao zote, wakawa wanarudi kinyumenyume wamtazame vizuri. Niliruka kijito na panga mkononi, nikapiga kelele, "Msikanyage! Simameni! Msisogee!"

Bwana Rajabu aligeuka. Uso wake ulikuwa na aibu ya mtu ambaye sebule yake imeingiliwa na kuku. "Wewe! Ndivyo ulivyofunzwa? Unapita wakubwa na panga, unawafokea? Salamu iko wapi?"

"Baba, kuna—"

"Kwanza salamu!"

Ninyi mliolelewa huku mnajua. Mtoto asiyeamkia hana alichofunzwa nyumbani, na kwa yatima maneno hayo huwa na makali zaidi, kwa sababu anayetukanwa hawezi kutoka kaburini kujitetea. Kama ningempita pale na kuwasukuma wageni kwa mikono yangu miwili, mayai yangepona, na kijijini kote wangesema watoto wa yule marehemu ndivyo walivyo. Nilikuwa na muda wa pumzi moja kuchagua, nikachagua jina la mama yangu. Niliweka panga chini. Nikapiga goti kidogo kama alivyonifunza.

"Shikamoo."

"Marahaba," alisema wa kwanza, akanyoosha mkono nimshike.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Hujambo? Unasoma darasa la ngapi?"

"Shikamoo."

Waliitikia kwa zamu, wakitabasamu, na kila mmoja alisogea kidogo kumpisha mwenzake anisalimie. Ndege alikuwa anashuka juu ya vichwa vyetu hadi nikasikia upepo wa mabawa yake, anapanda, anashuka tena, nyundo ile inagonga, inagonga. Macho yangu yalikuwa chini kwa heshima, kwa hiyo niliona kila kitu. Niliona viatu vikipishana. Niliona kisigino cha mgeni mmoja kikipita kando ya mayai kwa upana wa kidole. Nilipofika kwa wa sita, Bwana Rajabu, akiwa ameridhika sasa kwamba mambo yamekaa sawa, alirudi nyuma hatua moja ili mgeni yule apate nafasi ya kuniitikia.

Sauti ya mayai kupasuka ilikuwa ndogo. Alinyanyua buti, akatazama chini, na mimi nikamaliza salamu yangu. "Shikamoo."

Hakuna aliyeitikia hiyo.

Yai moja lilikuwa na kifaranga ambaye mdomo wake ulishakuwa tayari. Mawili yalikuwa yamechanganyika na tope. Bwana Rajabu alivua kofia. Alipiga magoti kwenye mavi ya mbuzi, mzee yule, akawa anaokota maganda kwa leso, na machozi yakamtoka mbele za wageni bila kujificha. Naandika haya nikijua wapo watakaosema basi, alijuta, msamehe. Lakini nilimtazama akilia nikakumbuka kwamba siku ya arobaini alitoa pole kwa macho makavu, na siku ya maharage macho yake yalikuwa makavu vilevile. Mayai matatu yalipata kutoka kwake kitu ambacho watoto watatu hawakukipata.

Nilikwenda kwenye kigingi cha kwanza, kile cha kwenye jiwe, nikakikumbatia, nikakitikisa hadi ardhi ikalegea, nikaking'oa. Nikaenda cha pili.

"Rudisha," Bwana Rajabu alisema kutoka pale alipopiga magoti.

Nilijua vyote vilipo, nilivibeba mimi. Hamza, ambaye kelele zilimtoa njia ya shule, alishuka na begi lake mgongoni akaanza upande wa magimbi bila kuniuliza. Mmoja wa wageni wanawake alifunga daftari lake. Hakuna aliyetuzuia, labda kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunigusa.

Asije mtu akadhani nilimchukia ndege. Leo hii nimo katika kikundi kile, kina viongozi wengine sasa, na kila mkutano nagombana na mtu. Nawaambia msifunge ardhi, muulizeni anayelima, lipeni bonde jembe na mbuzi kwa kipimo chake. Wapo wanaonisikiliza na wapo wanaosema huyu mama ana maneno makali. Nayo ni makali. Yalinolewa na mtu mwenye adabu sana.

Kesho yake tuliitwa ofisi ya kijiji kwa kosa la kuharibu hifadhi. Mtendaji alikuwa kijana mgeni kutoka Muheza, ambaye alikuwa hajaizoea baridi yetu, amevaa koti hadi shingoni. Alimwomba Bwana Rajabu karatasi inayoonyesha kwamba shamba lilitolewa kwa kikundi. Hapakuwa na karatasi. Kulikuwa na maneno ya siku ya arobaini.

"Bibi, shikamoo," mtendaji alisema. "Siku hiyo ulikubali?"

"Marahaba. Nilisema amina."

"Kwa hiyo ulikubali."

"Baba, ilikuwa dua. Ungekuwepo nawe ungesema amina."

Mtendaji alikuna kichwa. Alitaka jambo liishe, nadhani, kabla wageni hawajapiga simu kuuliza. Aliandika kwa muda mrefu, akaigeuza karatasi upande wetu na kusogeza kibweta cha wino. Bibi alichovya dole gumba, akaniambia, "Nisomee kwanza." Nikasoma kwa sauti, darasa langu la sita lote likiwa kinywani: kwamba baada ya mazungumzo, kikundi kimeonyesha huruma, na watoto wa marehemu wamepewa shamba lililoko bondeni, lenye mipaka ifuatayo. Nikasimama.

"Neno hili siyo."

"Lipi?" mtendaji aliuliza.

"Wamepewa."

Bwana Rajabu alipumua kwa uchovu. Alikuwa amezeeka kwa siku moja. "Mwanangu, neno ni neno tu. Shamba si unalipata?"

"Na tutalihifadhi lilikuwa neno tu, baba."

Alitazama dirishani. Bibi alikuwa bado amenyanyua dole gumba hewani, jeusi, halishuki. Mtendaji alimtazama, akanitazama mimi, akasubiri tuchoke. Wino ukawa unakauka kwenye kidole cha bibi, lakini mkono wake haukushuka. Nilisema, "Andika wamerudishiwa. Na huruma ifute."

Kalamu ilikwaruza. Bibi akainamisha sikio. "Amefuta kweli? Nisomee tena."

Nikamsomea tena, kutoka juu hadi chini, na nilipofika kwenye neno lile nililisoma mara mbili. Alichovya kidole upya, nikamwongoza mkono hadi mahali pake, akagandamiza kwa nguvu hadi meza ikalia.

Hatukupita nyumbani; panga na jembe tulikuwa tumetoka navyo asubuhi. Tulimwacha bibi akae kwenye jiwe juani, tukaingia bondeni sisi watatu. Katika mashamba ya jirani watu walikuwa wanapalilia maharage kwa mara ya pili, waliinua migongo wakatutazama. Nyasi zilimfika Zubeda kifuani. Nilimpa Hamza panga atangulie, nikashika jembe. Msimu ulikuwa umeshapita. Tukaanza kulima.